Mafuta, Kolesteroli na Hali ya Moyo: Mwongozo wa Kupanga Mlo kwa Ajili ya Afya ya Akili

Mtu anapoambiwa na daktari kwamba kolesteroli yake imepanda, mara nyingi huanza kwa kuyafukuza mafuta yote katika chakula chake, bila kutenganisha yaliyo mabaya na yale ambayo mwili hauwezi kuyakosa. Mwingine husikia kwamba ubongo umejengwa kwa mafuta, akahitimisha kwamba kadiri anavyokula siagi ndivyo akili yake itakavyotulia. Wote wawili wamepotea njia, na wote wawili wanaweza kuidhuru hali yao ya moyo, yaani hisia zao na si moyo wa nyama, wakidhani wanaisaidia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima anayetaka kupanga mafuta ya mlo wake huku akiangalia kwa uangalifu namna anavyojisikia, awe anaishi na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), ana wasiwasi wa mara kwa mara, au anataka tu kujikinga.

Neno moja la lazima kabla ya lolote. Chakula ni msaada wa matibabu, wala si mbadala wake. Ikiwa unawaza kujidhuru au unaona afadhali usingekuwa hai, usisubiri wiki kadhaa za kubadili mlo. Mwambie mtu unayemwamini na uende hospitali leo hii. Vilevile, mtu aliyewahi kuugua maradhi ya ulaji, kama vile kujinyima chakula au kujitapisha, asianze kuhesabu gramu za mafuta bila kusimamiwa na mtaalamu, kwa sababu hesabu hizo zinaweza kuuamsha ugonjwa wake wa zamani.

Jambo la kuelewa kabla ya kuanza

Ubongo una takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini umebeba kati ya asilimia 20 na 25 ya kolesteroli yote iliyomo mwilini. Sehemu kubwa ya kolesteroli hiyo imo katika mayelini, yaani gamba la mafuta linalozizunguka nyuzi za neva na kuwezesha ujumbe usafiri kwa kasi. Kiasi kilichobaki kimo katika utando wa seli, mahali ambapo vipokezi vya serotonini na vya vibeba ujumbe vingine hukaa na kufanya kazi. Kwa hiyo kolesteroli haistahili kutazamwa kama adui, kwa kuwa bila hiyo seli za neva zisingeweza hata kuzungumza. Watoto wanaozaliwa na kasoro ya nadra iitwayo sindromu ya Smith-Lemli-Opitz, ambayo huuzuia mwili kukamilisha utengenezaji wa kolesteroli, hupata matatizo makubwa ya ukuaji na ya tabia, na hali yao inatuonyesha jinsi ubongo unavyoitegemea.

Hata hivyo, kolesteroli ya ubongo na kolesteroli ya damu ni maghala mawili yaliyotenganishwa na ukuta. Chembe za LDL zinazobeba kolesteroli katika damu hazipenyi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, na ubongo hujitengenezea karibu kolesteroli yake yote. Hata ile iliyo nje ya ubongo hutengenezwa zaidi na mwili wenyewe, hasa ini, kuliko inavyotoka katika chakula. Kwa sababu hiyo, anayekula viini vya mayai akitumaini kuujaza ubongo wake kolesteroli anapoteza bidii yake, na anayeogopa kwamba kila punguzo la kolesteroli ya damu litaukausha ubongo wake naye anajitisha bila msingi.

Asidi za mafuta, yaani vipande vidogo vinavyoyaunda mafuta, zina habari tofauti. Baadhi yake huvuka ukuta huo na kuingia katika utando wa seli za ubongo, na mwili hauwezi kuzitengeneza zote kuanzia mwanzo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu aina za mafuta, na kolesteroli ya chakula imepewa nafasi ndogo.

Hatua ya kwanza: Pima damu na hali ya moyo kwa pamoja

Usianze kubadili chochote kabla hujajua umesimama wapi. Omba kipimo cha mafuta ya damu kinachoonyesha kolesteroli yote, LDL (ile inayodhuru mishipa ikizidi), HDL (ile inayosaidia kuondoa kolesteroli iliyozidi) na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu), kisha uyaandike majibu pamoja na tarehe. Maabara nyingine hutoa majibu kwa miligramu kwa desilita na nyingine kwa milimoli kwa lita. Ili usichanganyikiwe unapolinganisha, kumbuka kwamba 200 kwa kipimo cha kwanza ni sawa na takribani 5.2 kwa kipimo cha pili.

Katika ziara hiyohiyo, muulize daktari kuhusu kipimo cha homoni za tezi ya thairoidi, ile iliyoko sehemu ya mbele ya shingo. Nalisisitiza jambo hili kuliko mengine yote katika hatua hii, kwa sababu ni rahisi mno kusahaulika. Tezi hiyo inapofanya kazi kwa unyonge, kolesteroli ya damu hupanda, na papo hapo mtu hupata uchovu, uzito wa mawazo, usingizi mwingi na huzuni inayofanana kabisa na sonona. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kukaa mwaka mzima akijilaumu kwa chakula chake na kwa udhaifu wa moyo wake, ilhali chanzo cha yote mawili ni kimoja na kina dawa. Kipimo cha sukari ya damu nacho kifanyike, kwani kisukari na sonona huandamana mara nyingi.

Kwa upande wa moyo, tumia dodoso la PHQ-9, ambalo hutumika sana kliniki kupima dalili za sonona. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, na kila swali hujibiwa kwa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla haiwezi kuzidi 27. Alama 10 au zaidi kwa kawaida huchukuliwa kuwa ishara ya kumwona mtaalamu kwa uchunguzi kamili. Swali la tisa linahusu mawazo ya kifo na ya kujidhuru. Ukilijibu kwa alama yoyote iliyo juu ya 0, zungumza na mtaalamu bila kukawia, hata kama jumla yako ni ndogo.

Hatua ya pili: Zichunguze dawa unazotumia, lakini usiache hata moja

Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama vile olanzapini na klozapini, huongeza hamu ya kula na uzito, na pia huweza kupandisha sukari na mafuta ya damu. Anayezitumia asijilaumu majibu yake yakiwa ya juu, kwani si kwamba amekosa nidhamu mezani. Amweleze daktari, ambaye anaweza kurekebisha kipimo, kubadilisha dawa au kuongeza tiba nyingine. Kuacha dawa hizo kwa uamuzi wa mtu peke yake kunaweza kumrudisha katika ugonjwa kwa ukali kuliko mwanzo.

Kwa wanaotumia statini, dawa za kushusha kolesteroli, swali huwa ni la upande wa pili: je, kushusha kolesteroli kunaleta huzuni? Hofu hii haikuzuka hewani. Mwaka 1990, Matthew Muldoon na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ uchambuzi wa majaribio ya kushusha kolesteroli, wakaona kwamba katika makundi yaliyotibiwa vifo vilivyotokana na ajali, ukatili na kujiua vilikuwa vingi zaidi. Tafiti nyingine zimekuta mara kwa mara kwamba watu waliojaribu kujiua walikuwa na kolesteroli ya chini kuliko wengine. Habari hizo ziliwashtua wengi, na bado zinazungushwa leo kana kwamba hakuna kilichofuata.

Kuna lililofuata. Mwaka 2001 Muldoon mwenyewe aliurudia uchambuzi huo akiwa na majaribio mengi zaidi, yakiwemo ya statini, na hakuona ongezeko la maana la vifo visivyotokana na maradhi kwa waliotumia dawa hizo. Aidha, uhusiano kati ya kolesteroli ya chini na sonona unaweza kusomwa kwa kuanzia mwisho. Mtu mwenye sonona hupoteza hamu ya kula, hukonda, na kolesteroli yake hushuka pamoja na uzito wake. Huzuni ikawa ndiyo iliyoishusha kolesteroli. Kwa hiyo, ikiwa tangu uanze statini umeona usingizi wako au moyo wako umebadilika, andika tarehe za mabadiliko hayo na uyapeleke kwa daktari, kwa kuwa kila mwili una majibu yake na zipo dawa mbadala. Lakini usiitupe dawa inayokukinga na kiharusi kwa sababu ya hofu ambayo ushahidi wa baadaye haukuiunga mkono.

Hatua ya tatu: Andika unachokula kwa siku 7 bila kubadili kitu

Chukua daftari na uandike kila mlo, namna ulivyopikwa, aina ya mafuta yaliyotumika na kiasi chake kwa vijiko. Pembeni andika namba moja, kuanzia 1 hadi 10, inayoeleza moyo wako ulivyokuwa jioni hiyo, kisha idadi ya saa ulizolala. Hayo yanatosha. Anayejaribu kuandika kila kitu huchoka siku ya tatu na kuliacha daftari.

Saa za usingizi zimewekwa kwa makusudi. Usiku mmoja mbaya unaweza kuushusha moyo kuliko mlo wowote, na usipouandika utakuja kukilaumu chakula kisicho na hatia.

Hatua ya nne: Ondoa mafuta ya transi

Mafuta ya transi ya viwandani hupatikana mafuta ya mimea yanapogandishwa kwa kuongezewa haidrojeni. Yamekuwa yakitumika katika majarini ngumu, biskuti, keki za madukani na mafuta ya kukaangia ya kibiashara. Hupandisha LDL na kushusha HDL kwa wakati mmoja, na hakuna kazi yoyote ya mwili inayoyahitaji. Denmark iliweka sheria ya kuyabana mwaka 2003, Marekani ikaamua mwaka 2015 kwamba hayahesabiki tena kuwa salama katika chakula, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa wito wa kuyaondoa duniani kote.

Kuhusu moyo na akili, utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu zaidi ya 12,000 ambao hawakuwa na sonona mwanzoni, ukakuta kwamba waliokula mafuta ya transi kwa wingi zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuipata, hadi asilimia 48 juu ya waliokula kidogo kabisa. Utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha kwamba mafuta hayo ndiyo yaliyosababisha sonona, kwani mlaji mkubwa wa vyakula vya viwandani huenda ana mambo mengine mengi yanayomwelemea. Lakini hapa sioni sababu ya kungoja ushahidi kamili, kwa kuwa madhara yake kwa moyo wa nyama yanajulikana na faida yake haipo.

Namna ya kuyatambua ni kusoma orodha ya viambato kwenye pakiti. Maneno yanayosema kwamba mafuta yameongezewa haidrojeni kwa sehemu ndiyo ishara. Usitosheke na maandishi makubwa ya mbele ya pakiti, kwa sababu katika baadhi ya nchi sheria huruhusu kiasi kidogo kwa kila mgawo kiandikwe kuwa sifuri, na anayekula migawo mitano ameshakula kiasi kisicho kidogo tena.

Hatua ya tano: Badilisha mafuta, usiyafute

Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri, nami nitakaa kidogo.

Mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota waliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya njema kwa muda wa miezi 6. Vijana hao, waliokuwa wachangamfu na wenye kujitolea, walizama katika huzuni, wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga, na mawazo yao yakawa ni chakula usiku na mchana. Hawakupungukiwa na mafuta peke yake, kwani walipungukiwa na nishati yote, lakini funzo lake kwa anayepanga mlo ni la moja kwa moja: ukikata mafuta bila kuweka kitu mahali pake, umekata nishati, na moyo utaanguka kwa njaa kabla hata hatujauliza swali la mafuta.

Je, kupunguza mafuta kukiwa na nishati ya kutosha kunauathiri moyo? Majibu hayalingani. Mwaka 1998, watafiti wa Uingereza waliwapa watu 20 mlo ambao asilimia 41 ya nishati yake ilitoka kwenye mafuta kwa mwezi mmoja, kisha nusu yao wakahamishiwa mlo wa asilimia 25 kwa mwezi mwingine. Waliopunguziwa mafuta walionyesha hasira na uhasama zaidi. Kundi lilikuwa dogo na muda mfupi. Kwa upande mwingine, utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2009, uliowahusu watu 106 wenye uzito mkubwa, ulilinganisha kwa mwaka mzima mlo wenye mafuta kidogo na mlo wenye wanga kidogo sana na mafuta mengi. Wiki 8 za mwanzo makundi yote mawili yalijisikia vizuri zaidi, lakini mwaka ulipotimia ni kundi la mafuta kidogo lililobaki na nafuu hiyo, huku lile jingine likirudi lilikotoka. Mtu akichukua utafiti mmoja kati ya hiyo miwili na kuuficha mwingine, anaweza kukushawishi lolote.

Ninachokishauri kutokana na hayo ni njia ya katikati, yenye mipaka inayojulikana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba kwa mtu mzima mafuta yote yasizidi asilimia 30 ya nishati ya siku, yaliyoshiba yasizidi asilimia 10, na ya transi yasizidi asilimia 1. Wataalamu wa lishe wa mashirika ya kimataifa wameweka pia kiwango cha chini, ambacho ni asilimia 15 kwa watu wazima na asilimia 20 kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kila gramu ya mafuta ina kilokalori 9. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia 30 ni takribani gramu 67, asilimia 10 ni gramu 22, na asilimia 15 ni gramu 33. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takribani gramu 14. Sasa rudi kwenye daftari lako na ukadirie upo wapi.

Mafuta yaliyoshiba ni yale ambayo kwa kawaida huganda yakiachwa kwenye hali ya joto la chumbani: siagi, samli, mafuta ya nyama na mafuta ya nazi. Kiasi cha nusu ya siagi ni mafuta yaliyoshiba, na ya nazi hupita asilimia 80, ilhali ya zeituni ni takribani asilimia 14. Hivyo kijiko kikubwa kimoja cha siagi hula karibu theluthi ya gramu 22 za siku nzima. Mabadiliko ya kwanza yawe haya: katika upishi wa kila siku, weka mafuta ya zeituni au mafuta mengine ya mimea yasiyoganda mahali pa yanayoganda, na mara kadhaa kwa wiki weka samaki, maharage au dengu mahali pa nyama nono. Fanya badiliko moja kwa wiki, si matano kwa siku moja.

La kuepuka kabisa ni kuondoa mafuta na kuweka sukari au unga uliokobolewa mahali pake. Bidhaa nyingi zinazotangazwa kuwa hazina mafuta zimerudishiwa ladha kwa sukari. Trigliseridi hupanda, sukari ya damu hupanda na kuporomoka, na mlaji hubaki na njaa na uchovu ambao huutafsiri kuwa huzuni. Kumbuka pia kwamba vitamini A, D, E na K hufyonzwa pamoja na mafuta, kwa hiyo mboga zisizo na hata tone la mafuta hazitoi faida zake zote.

Hatua ya sita: Ipe omega-3 nafasi yake, bila kuitukuza

Omega-3 ni aina ya asidi za mafuta, nazo ziko za namna tatu zinazotuhusu. ALA hutoka kwenye mimea, hasa mbegu za kitani, mbegu za chia na jozi. EPA na DHA hutoka kwa samaki wenye mafuta mengi kama samoni, sadini na makrele, na pia kwenye mwani. Mwili unaweza kugeuza ALA kuwa EPA na DHA, lakini ni kwa kiasi kidogo sana. DHA ndiyo inayojenga utando wa seli za ubongo, na EPA husaidia zaidi kutuliza hali ya kinga kuwaka mwilini bila sababu, hali ambayo huonekana kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona.

Kwa chakula cha kawaida, samaki wa namna hiyo mara mbili kwa wiki wanatosha. Kipande cha samoni cha gramu 100 mara nyingi kina zaidi ya gramu moja ya EPA na DHA kwa pamoja. Wachome, wachemshe au waoke, badala ya kuwazamisha katika mafuta yanayochemka. Mjamzito aepuke samaki wakubwa walao wenzao, kama papa na upanga, kwa sababu hukusanya zebaki. Asiyekula samaki anaweza kutumia mafuta ya mwani.

Kuhusu vidonge, lazima tutenganishe tiba na kinga. Kwa mtu ambaye tayari ana sonona na anatibiwa, ushahidi uliokusanywa unaelekea upande wa EPA kuwa msaada wa nyongeza. Mwaka 2019 jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa lishe na magonjwa ya akili ilipendekeza gramu 1 hadi 2 za EPA kwa siku, ikiwa EPA peke yake au ikiwa zaidi ya maradufu ya DHA, kwa angalau wiki 8. Kwa asiye na sonona anayetaka kujikinga, habari si nzuri. Jaribio kubwa la Marekani liliwahusu watu 18,353 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ambao walipewa gramu 1 ya mafuta ya samaki au kidonge bandia kwa zaidi ya miaka 5. Majibu yalipochapishwa mwaka 2021, vidonge havikuwa vimezuia sonona wala kuinua moyo, na hatari ya sonona ilionekana kuwa juu kidogo kwa waliovitumia. Sishauri, basi, mtu mwenye afya ya akili anunue vidonge hivi kwa tumaini la kuikinga furaha yake.

Ukikubaliana na daktari kuvitumia, soma nyuma ya chupa. Kidonge kinachoandikwa miligramu 1,000 za mafuta ya samaki mara nyingi kina miligramu 180 tu za EPA na 120 za DHA. Kufikia gramu moja ya EPA kwa vidonge hivyo ni kumeza 5 au 6 kwa siku, kwa hiyo tafuta vilivyokolezwa. Usivitumie bila ushauri ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au una tatizo la mapigo ya moyo, kwani kwa vipimo vikubwa omega-3 imeonekana kuongeza hatari ya mapigo kwenda bila mpangilio.

Hatua ya saba: Mayai na kolesteroli ya chakula

Hatua hii ni fupi. Kiini cha yai kubwa kina takribani miligramu 186 za kolesteroli. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 2015 uliondoa kikomo cha zamani cha miligramu 300 kwa siku, kwa kuwa kwa watu wengi mafuta yaliyoshiba huipandisha LDL kuliko kolesteroli iliyomo katika chakula. Yai lina pia kolini, kirutubisho ambacho mwili hukitumia kutengeneza asetilikolini, kibeba ujumbe muhimu cha neva. Mwenye afya ya kawaida ale yai lake kwa amani. Mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo au kolesteroli ya juu ya kurithi aulize kiwango chake kwa daktari anayemfahamu.

Hatua ya nane: Tengeneza mlo mzima, si kijiko cha mafuta

Ushahidi unaonipa matumaini zaidi haukutokana na kirutubisho kimoja. Felice Jacka na wenzake wa Australia walichapisha mwaka 2017 jaribio lililowahusu watu 67 wenye sonona ya kiasi hadi kali, wengi wao wakiendelea na dawa au ushauri nasaha. Kundi moja lilisaidiwa na mtaalamu wa lishe kula mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, kunde, samaki, kokwa na mafuta ya zeituni, na kupunguza peremende, vyakula vya kukaanga na nyama za viwandani. Kundi la pili lilipewa muda uleule wa mazungumzo ya kirafiki bila ushauri wa chakula. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya kundi la kwanza walikuwa wametoka katika sonona, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la pili. Washiriki walikuwa wachache, na haiwezekani kumficha mtu anachokula, kwa hiyo matarajio yao yanaweza kuwa yalichangia. Lakini angalia mlo wenyewe: haukuwa na mafuta kidogo, bali mafuta yake yalikuwa ya namna nyingine na yaliliwa pamoja na nyuzinyuzi nyingi.

Panga sahani yako kwa mfano huo. Nusu iwe mboga, robo nafaka isiyokobolewa, robo kunde, samaki au kuku, na juu yake kijiko cha mafuta yasiyoganda. Kama sonona imekuondolea nguvu za kupika, usijitwishe mzigo wa mapishi mapya. Kopo la sadini, maharage yaliyochemshwa tangu jana na mboga zilizokatwa ni mlo kamili, na siku ambayo hata hayo yamekushinda, kiganja cha kokwa na tunda vinatosha hadi kesho. Ikiwa yupo ndugu wa kukusaidia jikoni, mwoneshe ukurasa huu na umwachie kazi hiyo kwa wiki chache.

Hatua ya tisa: Subiri wiki 12, kisha soma daftari lako

Mafuta ya utando wa seli hayabadiliki kwa siku mbili. Seli nyekundu za damu huishi takribani siku 120, na kiwango cha omega-3 ndani yake huchukua miezi 3 hadi 4 kutulia baada ya mlo kubadilika. Kwa hiyo asiyeona tofauti wiki ya pili asikate tamaa, na aliyejisikia mwepesi siku ya tatu asitangaze kwamba amepona.

Jibu tena dodoso la PHQ-9 kila baada ya wiki 2, na wiki ya 12 rudia kipimo cha mafuta ya damu. Kwenye PHQ-9, punguzo la alama 5 au zaidi kwa kawaida huhesabiwa kuwa badiliko la maana, ilhali alama moja au mbili zinaweza kuletwa na hali ya siku tu. Kama LDL imeshuka na moyo umepata nafuu, endelea na mlo huo na umwoneshe daktari majibu yote mawili. Kama LDL imeshuka na moyo haujabadilika, mlo wako umefanya kazi yake kwa mishipa ya damu na sonona yako inahitaji tiba nyingine, iwe mazungumzo na mwanasaikolojia, dawa, au vyote viwili. Na kama alama zako za PHQ-9 zimepanda wakati wowote katika wiki hizo, hasa ukiona unakonda, usingoje wiki ya 12 itimie: beba daftari hilo, nenda kliniki, na umwoneshe mtaalamu ukurasa wa siku ambayo mabadiliko yalianza.